Philippé Wynne: Sauti Unaijua, Jina Lake Je?

Hebu tuanze na kitu unakijua. Avengers: Infinity War, ile ya 2018. Thor na watu wake washachapwa na Thanos, roho imekushuka kabisa, halafu ghafla unaona chombo cha Guardians kinakata anga, na ndani kuna ngoma ya kitambo inapiga. Besi inaruka kama mpira, msee anaimba kama anakutania, na baadhi yao ndani ya chombo wanaimba naye. Haijalishi uliiona Nyali ukiwa na popcorn mkononi ama kwa kibanda cha movie huku Mtongwe mmebanana kwa mabenchi. Kichwa ulitikisa.

Ngoma hio inaitwa The Rubberband Man. Ilitoka 1976 na kundi linaitwa Spinners. Hapo ndo wengi wetu tunaishia. Ukiuliza nani anaimba unaambiwa Spinners. Lakini Spinners walikuwa wanaume watano, na yule anayekuchezesha pale ni mmoja. Anaitwa Philippé Wynne. Alikufa 1984, kwa hivyo kama unasoma hii kwa simu yako kuna uwezekano mkubwa hukuwa umezaliwa, na pengine mathe wako alikuwa bado anavaa yunifomu ya primary.

Stori yake nimeamua kukupigia kwa sababu moja. Huyu jamaa alipewa sauti ambayo ukiisikia huisahau, akaiweka ndani ya jina la watu wengine, na alipotaka jina lake liandikwe mbele mambo yakaharibika. Kama uko na bendi, crew ama mbogi yoyote ya muziki, soma pole pole.

Tunaanzia mbali. Cincinnati, jimbo la Ohio, Marekani. Tarehe 3 Aprili 1941 anazaliwa mtoto anaitwa Philip Walker. Hilo Wynne na hio alama juu ya e zilikuja baadaye, mambo ya jukwaa. Wazazi wake waliachana akiwa bado mdogo. Mathe akaenda zake, fathe akabaki na watoto asioweza kuwalea peke yake, na mwisho wa siku Philip, kaka yake na dada zao wakapelekwa kwa makao ya watoto mayatima ya watu weusi hapo hapo Cincinnati. Elewa vizuri: wazazi wote wawili walikuwa hai. Mayatima wenye wazazi.

Kanisa ndo lilimfunza kuimba. Alianza na gospo, na hio gospo haikuwahi kumtoka. Ukisikiliza rekodi zake zote, hata zile za mapenzi matamu, utasikia mtu ambaye amezoea kuimba mbele ya watu wanaopiga makofi na kujibu. Yeye haishi pale maneno ya wimbo yanapoisha. Maneno yakiisha ndo anaanza.

Miaka ya sitini ikiisha alikuwa anazunguka na bendi. 1968 aliimba na Pacemakers, bendi ya kijana mwingine wa Cincinnati anaitwa Bootsy Collins, ambaye baadaye alikuja kuwa mfalme wa besi ya funk. Halafu akavuka bahari akaenda Ujerumani, akawa mwimbaji mkuu wa bendi inaitwa Afro Kings. Na hawa Afro Kings walikuwa watu wa Liberia. Yaani kabla Marekani haijamjua, jamaa alikuwa mbele ya Waafrika, Ulaya, akiwaimbia bendi yao. Hio kitu husikii ikitajwa sana na mimi naipenda.

Sasa Spinners wenyewe. Hawa walianza 1954, vijana wa Ferndale, mtaa wa kando ya Detroit. Kwanza walijiita Domingoes. Jina la Spinners lilitoka kwa zile rimu za kung'ara za magari ya kifahari wakati huo. Wewe msee wa matatu za Likoni unaelewa hio kitu bila kuelezwa. Walikuwa na hiti ndogo 1961, halafu wakaingia Motown, ile kampuni ya Temptations, Supremes na Stevie Wonder. Na Motown wakawekwa benchi. Si kidogo, benchi ya miaka. Kati ya rekodi moja na nyingine walikuwa wanapewa kazi za kuendesha wasanii wengine, kuwasindikiza safarini, kufunga mizigo ya santuri. Watu wanaojua kuimba hivyo, wamefanywa makondakta.

1970 Stevie Wonder akawatengenezea It's a Shame, ikashika. Mwimbaji mkuu wa hio alikuwa G.C. Cameron, na sauti yake ni noma, sitasema vingine. Lakini ata baada ya hapo Motown haikuwajali sana. Aretha Franklin akawashauri wahamie Atlantic, kampuni aliyokuwa yeye. Wakakubali, lakini kulikuwa na shida moja: Cameron alikuwa amefungwa na mkataba wake Motown, hangeweza kutoka. Akabaki, na akawaambia wamchukue binamu yake badala yake. Binamu ndo huyu Philippé.

Kwa hivyo anaingia 1972 akiwa mtu wa mwisho kufika. Wenzake wamekuwa pamoja miaka karibu ishirini. Bobby Smith, Henry Fambrough, Billy Henderson na Pervis Jackson yule wa sauti nzito. Wamelala njaa pamoja, wameendesha gari za watu pamoja. Yeye ndo mgeni. Shika hapo, tutarudi.

Atlantic walikuwa na prodyusa wa kukodi kutoka Philadelphia, Thom Bell. Huyu alizaliwa Jamaica, akakulia Philadelphia, na piano aliisomea ile ya classic. Alikuwa tayari amewatengeneza Delfonics na Stylistics, ile soul laini inayoteleza kama mafuta ya nazi. Atlantic wakampa orodha ya wasanii wao achague wa kufanya naye kazi. Akachagua Spinners. Watu wakashangaa, maana orodha ilikuwa na majina makubwa na hawa walionekana washapitwa na wakati.

Kama umekulia Pwani, fidla unazijua kwa taarab. Unajua vile fidla zikijipanga pamoja zinaweza kukuliza kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Bell alifanya hio kitu kwa soul. Studio ya Sigma Sound, Philadelphia, fidla nyingi, pembe, gitaa la umeme linalokwaruza kidogo, ngoma nyepesi, na juu yake wanaume watano wanapanga sauti. Mashairi ya mapenzi bila matusi wala kutishana. Watu waliita hio soul tamu, na ilikuwa tamu kweli.

Santuri ya kwanza waliyotoa pamoja, 1972, ina stori ya kuchekesha na kuuma. Unakumbuka santuri ndogo zile zilikuwa na pande mbili, upande A ndo wa kuuzwa, upande wa pili wa kujaza nafasi. Upande A waliweka How Could I Let You Get Away, na anayeongoza ni Philippé, mgeni, anapewa nafasi yake ya kwanza kabisa. Upande wa pili wakaweka I'll Be Around, anayeongoza Bobby Smith. Ma-DJ wa redio wakageuza santuri. Wakaacha ya Philippé, wakapiga ya Bobby. I'll Be Around ikaenda mpaka nambari 3 kwa chati ya Marekani nzima, na kwa chati ya R&B ikakaa nambari moja wiki tano.

Fikiria wewe. Umengoja maisha yako yote, umetoka makao ya mayatima, umeimba mpaka Ujerumani, unapewa upande A, halafu dunia inageuza santuri.

Iliyofuata ni Could It Be I'm Falling in Love. Tena Bobby ndo anaongoza. Anaimba vizuri, anatulia, anakupeleka mpaka karibu na mwisho. Halafu Bell akafanya kitu: akamfungulia Philippé mlango pale mwishoni. Wimbo unaelekea kuzimika, wenzake wanarudia kiitikio, na jamaa anaingia na manjonjo yake ya kanisani. Anaruka juu ya kiitikio, anazunguka, anaongea, anacheka, anaomba. Ikawa ndo saini ya Spinners. Bobby anajenga nyumba, Philippé anakuja kufanya sherehe ndani yake.

Hii ndo sababu mpaka leo utakuta watu wanasema Philippé ndo aliimba hiti zote za Spinners. Si kweli. Hiti nyingi kubwa ni za Bobby Smith, na Bobby hakupewa sifa zake vile alistahili. Lakini sikio la binadamu linakumbuka kitu cha mwisho, na cha mwisho kilikuwa cha Philippé. Kuna dhuluma kwa pande zote mbili hapo ukifikiria: mmoja anaimba wimbo mzima watu wanadhani ni wa mwingine, mwingine anakumbukwa kwa sauti na jina halijulikani.

Albamu yenyewe ilitoka Aprili 1973 na waliiita Spinners tu, kama watu wanaojitambulisha upya. Hapa ndo ningekuambia uanzie kama hujawahi kuwasikiliza. Iko na hizo nimetaja, na iko na One of a Kind, ambayo hii sasa ni ya Philippé mwanzo mpaka mwisho, na ikashika nambari moja R&B. Kwa hivyo usidhani alibaki mtu wa mkia tu. Akipewa wimbo aliubeba.

Na iko na Ghetto Child. Hii waliandika Thom Bell na Linda Creed, dada mdogo mweupe wa Philadelphia aliyekuwa na kipaji cha kuandika maneno ya watu wengine kama ni yake. Ni stori ya kijana aliyekulia maskini, akachekwa, akahepa kwao akiwa barobaro. Biti inachangamka, ungedhani ni ya harusi, lakini maneno yanakata. Kule Uingereza ilishika kuliko kwao. Waingereza waliwaita Detroit Spinners kwa sababu Liverpool kulikuwa na kundi lingine la Spinners, la nyimbo za kiasili. Sasa sikiliza Philippé akiingia ndani ya Ghetto Child ukijua alikotoka. Mimi siwezi kuisikia tena vile nilivyokuwa naisikia zamani.

1974 ndo ulikuwa mwaka wao. Mighty Love ikashika nambari moja R&B mapema mwaka ule. Halafu Bell akawaunganisha na Dionne Warwick, nyota mkubwa kuliko wao wakati huo, wakarekodi Then Came You. Dada hakuiamini ile ngoma. Bell akachukua noti ya dola, wakaichana katikati, kila mtu akabaki na nusu: ikishika, dada atamrudishia nusu yake na kukubali alikosea. Oktoba ile ngoma ikawa nambari 1 Marekani nzima. Ya kwanza kwa Spinners, na ya kwanza kwa Dionne pia na hiti zake zote. Nusu ya noti ikatumwa. Na mwisho wa wimbo, nani anaingia kumaliza? Si unajua.

Katikati ya hayo yote wakaja Afrika.

Najua unajua kuhusu Ali na Foreman, Kinshasa, ile pigano kubwa. Pengine hujui kwamba kabla ya pigano kulikuwa na tamasha la siku tatu, Zaire 74, tarehe 22 mpaka 24 Septemba, liliyopangwa na Hugh Masekela wa Afrika Kusini na rafiki yake Stewart Levine. Waliletwa James Brown, B.B. King, Bill Withers, Celia Cruz na Fania All-Stars, Miriam Makeba, na upande wa nyumbani wakasimama Franco na Tabu Ley. Foreman akapasuka juu ya jicho akiwa mazoezini, pigano likasukumwa mpaka 30 Oktoba, lakini wanamuziki walikuwa washapanda ndege. Tamasha likaendelea bila pigano. Spinners walikuwa ndani.

Picha zilirekodiwa, zikakaa kwa makabati zaidi ya miaka thelathini, mpaka 2008 zikatengenezwa filamu inaitwa Soul Power. Itafute. Kuna Spinners jukwaani Kinshasa wakipiga One of a Kind, hatua zimepangwa, jasho linatiririka, na Philippé katikati hawezi kutulia. Na kuna kipande kingine ambacho mimi nakirudia rudia: Philippé yuko ringi na Muhammad Ali, wanataniana ngumi. Mwembamba hivi, miguu myepesi, anamrukia rukia bingwa kama mtoto wa mtaa aliyekutana na nyota. Angalia uso wake pale. Hapo alikuwa na miaka 33, ngoma zake zinapanda chati, na yuko Afrika anacheza na Ali. Kama maisha yake yangesimama kwa picha moja, ningechagua hio.

Hata huku kwetu soul ilikuwa imeshika miaka hio, usidhani ilikuwa rumba na taarab tupu. Slim Ali, kijana wa Mombasa, alikuwa anaimba soul na Hodi Boys mpaka watu wanasahau wako Kenya. Kwa hivyo fathe na babu zetu walikuwa na masikio tayari. Ukisikia mzee wa Mtongwe anaimba Could It Be huku anangoja feri, usimcheke, yeye aliipata ikiwa moto.

Mwisho wa 1974 pia wakatoa Sadie. Hii wengi wenu mnaijua kupitia R. Kelly, aliyeirudia kwa albamu yake ya 12 Play 1993. Ni wimbo wa mtoto mkubwa anamkumbuka mamake aliyekufa, vile alivyolea, vile alivyovumilia. Philippé ndo anaongoza. Sasa rudi nyuma ukumbuke yule mtoto wa Cincinnati ambaye mathe yake aliondoka. Sitajifanya najua kilichokuwa kichwani mwake ndani ya studio, na wimbo haukuandikwa na yeye. Ila mtu aliyekulia makao ya mayatima anamwimbia mama aliyekaa, na anaimba hivyo... we sikiliza tu.

Halafu 1976, The Rubberband Man. Thom Bell aliianza kwa sababu ya mwanawe, kijana mnene aliyekuwa anachekwa na wenzake shuleni. Fathe akataka ngoma itakayomfanya mwanawe ajione freshi. Linda Creed akasaidia maneno, na mnene akageuka kuwa mtu wa mipira ya kuvutika anayecheza mpaka watu wanashangaa. Philippé akapewa yote. Hakuna Bobby wa kujenga nyumba hapa, ni yeye mwanzo mpaka mwisho. Ikafika nambari 2 Marekani. Kwa mara ya kwanza sauti kubwa ya Spinners kwa redio ilikuwa yake bila ubishi.

Na hapo ndo moto ukawaka.

Stori inayosimuliwa ni kwamba alitaka kundi libadilishwe jina, liwe Philippé Wynne na Spinners. Wenzake wakakataa. Mwanzoni mwa 1977 akatoka.

Sasa ukiwa upande wake unaelewa. Watu wanalipa kuona nani? Jukwaani nani anaruka? Nani anawafanya wamama wasimame kwa viti? Na Motown ilikuwa imeshafanya hivyo hivyo, Diana Ross akawekwa mbele ya Supremes, Smokey mbele ya Miracles. Hakuomba kitu ambacho hakijawahi kufanyika.

Ukiwa upande wa wale wanne pia unaelewa. Walikuwa Spinners tangu 1954. Wameosha vyombo vya wengine kwa hilo jina. Bobby Smith ndo ameimba hiti nyingi na hajawahi kuomba jina lake liandikwe popote. Halafu mtu wa mwisho kuingia ndo anataka kukaa mbele? Msee, hata mimi ningekataa. Lakini ningekataa huku naogopa, kwa sababu najua anachobeba.

Hii kitu si ya Marekani peke yake. Uliza mtalii yeyote pale Diani aimbe Jambo Bwana, ataimba. Muulize bendi, labda atasema Them Mushrooms. Muulize nani aliitunga, kimya. Ni Teddy Kalanda Harrison, mtu wa Pwani hii. Ngoma imezunguka dunia, jina la mwenyewe limebaki nyumbani. Kwa hivyo Philippé akisema anataka jina lake, mimi siwezi kumwita mroho tu nikamalizia hapo.

Ila dunia haikumjibu vile alivyotaka. 1977 hio hio akatoa albamu yake ya kwanza peke yake, Starting All Over. Sauti iko pale pale. Haikuuza. Kumbe yale manjonjo yake yalihitaji nyumba ya kufanyia sherehe, na nyumba alikuwa ameiacha kwa wale wanne na Thom Bell. Na wao? Wakamchukua John Edwards, na 1980 wakapanda mpaka nambari 2 Marekani na nambari 1 Uingereza na Working My Way Back to You. Jina la Spinners likaendelea kula bila yeye. Hio lazima iliuma.

Aliyemwokota ni watu wa kwao wa zamani. Bootsy, yule wa Cincinnati, alikuwa sasa nyota ndani ya kundi la George Clinton, Parliament-Funkadelic, wale wasee wa nywele za rangi na nguo za ajabu. Philippé akaingia humo. Kutoka soul ya suti hadi funk ya wazimu, na ajabu ni kwamba alitoshea. 1979 Funkadelic wakatoa (Not Just) Knee Deep, ngoma ya dakika 15. Anaingia wapi? Unajua anaingia wapi. Ngoma inakwenda na kwenda, na yeye anakuja kuimba juu ya kiitikio kama zamani, anawasukuma wote mpaka mwisho. Ikashika nambari 1 R&B. Na kwa mara nyingine jina juu ya santuri ni la kundi la watu wengine.

Knee Deep haijakufa mpaka leo. De La Soul waliichota kujenga Me Myself and I, 1989. Dr. Dre akachota kutoka hapo hapo kwa Dre Day ndani ya The Chronic. Kama unajiita mtu wa hip hop, umeshacheza na mabaki ya chakula cha meza aliyokaa huyu mtu.

1980 akatoa albamu nyingine yake, Wynne Jammin', kwa lebo ya George Clinton. Nayo ikapita kimya. Miaka iliyofuata alikuwa anapiga shoo kwa klabu, kumbi ndogo, jina lake sasa liko mbele kama alivyotaka, lakini ukumbi ni wa watu mia chache, si stadi ya Kinshasa. 1984 akatoa albamu nyingine, na hio aliita kwa jina lake. Philippé Wynne, basi. Kama vile wale wengine walivyofanya 1973.

Tarehe 13 Julai 1984 alikuwa Oakland, California, klabu inaitwa Ivey's. Alikuwa jukwaani anaimba, akifanya zile zake za kushuka kwa watu, na moyo ukasimama. Akaanguka katikati ya shoo. Akafa asubuhi iliyofuata, miaka 43. Kwa mtu aliyejijengea maisha kwa kuingia pale wimbo unapoisha na kukataa uishe, sijui niseme nini.

Bobby Smith aliimba na Spinners mpaka alipokufa 2013. Billy na Pervis walikuwa washaenda kabla yake. Novemba 2023 Spinners wakaingizwa kwa Rock and Roll Hall of Fame, New Edition wakapanda jukwaani Brooklyn kuimba ngoma zao, na jina la Philippé likasomwa kwa orodha pamoja na wenzake, ndani ya kundi. Fambrough ndo alikuwa amebaki peke yake kwa wale waanzilishi. Akafa Februari 2024.

Sasa weka earphone. Anza na Mighty Love, ile ndefu ya albamu, si ile fupi ya redio. Mwache Bobby afanye kazi yake kwanza. Usiruke. Karibu na mwisho, ukisikia mtu mwingine amefungua mlango na kuanza kuwazungusha wenzake kama mchungaji siku ya Pasaka, huyo ndo yeye.